Mpiga Picha za Ndege Huanzia Uani Kwake

Karibu na mzunguko wa Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, migunga imebeba viota vikubwa vya vijiti, na juu yake wamesimama korongo wenye vipara wanaoitwa marabu. Chini yao matatu zinapigiana honi, makondakta wanaita abiria, na wachuuzi wa maji wanapenya katikati ya magari. Marabu hawashughuliki. Ndege huyu husimama kufikia mita 1.5, na akikunjua mabawa huvuka mita 2.5 kutoka ncha hadi ncha. Kuna wageni wanaovuka bahari kuja kumwona. Mkazi wa South B humpita kila asubuhi ameinamia simu yake, na simu hiyo ina kamera.

Kenya na Tanzania, kila moja ina zaidi ya spishi 1,100 za ndege, idadi ambayo bara zima la Ulaya haliifikii. Mwenyeji wa Afrika Mashariki anayependa kupiga picha ana utajiri ambao wenzake wa nchi nyingine wanautafuta kwa gharama kubwa. Hata hivyo, ukiitaja burudani hii mbele ya watu, wengi hufikiria Serengeti, gari la kukodi na lenzi yenye bei ya kiwanja. Fikra hiyo imewakatisha tamaa watu wengi wenye macho mazuri na subira ya kutosha. Wapigaji hodari, wawe wa ridhaa au wa kulipwa, wana jambo moja linalofanana: humjua ndege kabla ya kunyanyua kamera. Na ujuzi huo hauna shule nzuri kuliko uani.

Mchukue mnana, ndege wa manjano anayefuma viota kwenye minazi, mianzi na migunga ya mitaani. Dume ndiye fundi. Huchana uzi mwembamba wa ukuti au jani la nyasi, akaufunga kwenye kitawi kwa mdomo na mguu, akaanza na pete ambayo atasimama ndani yake wakati anafuma sehemu zilizobaki. Akimaliza hujining'iniza chini ya kiota, akapigapiga mabawa na kupayuka ili majike wamwone. Jike huja kukagua. Asiporidhika huenda zake, na kiota kikishaanza kukauka na kupoteza ukijani bila kupata mwenyeji, dume hukibomoa kwa mdomo wake mwenyewe na kuanza kingine. Mtu mwenye kamera ya kawaida na kiti cha plastiki anaweza kuufuatilia mkasa huo wote akiwa kibarazani kwake.

Faida ya ndege wa namna hii ni kwamba ameshawazoea watu. Hapandwi na hofu mlango ukifunguliwa, wala hakimbii mtoto akilia. Mpiga picha anapata nafasi ya kukosea na kurudia: leo mandhari ya nyuma imejaa nyaya za umeme, kesho anasogea hatua mbili kushoto na nyaya zinatoweka nyuma ya shina, leo jua limempiga ndege mgongoni, kesho anajua kwamba upande wa mashariki wa mti ndio wa asubuhi. Wiki mbili za mazoezi kama hayo humfundisha mtu mengi kuliko safari moja ya mbugani, ambako gari husimama dakika tatu kisha dereva akauliza kama waendelee.

Waanzilishi wa kazi hii hawakuwa na wepesi wowote. Ndugu wawili kutoka Yorkshire, Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota vya ndege wa Uingereza ambacho picha zake zote zilipigwa nje, mahali ndege walipoishi. Kamera zao zilitumia mabamba ya kioo, mazito na mepesi kuvunjika, na lenzi hazikuweza kumvuta ndege wa mbali. Ilibidi mtu amsogelee mpaka hatua chache. Mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe wa ngozi aliye mtupu ndani. Mpigaji akajikunja humo saa nyingi, akimsubiri ndege aliyedhani kuwa kile ni kitu cha malishoni tu.

Cherry alifika Afrika Mashariki mwaka 1909 na kumpiga picha za sinema Theodore Roosevelt wakati wa safari yake ya uwindaji. Kabla yake alikuwa amepita Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezunguka nyika za Kilimanjaro na Umasaini enzi za ukoloni akiwa na bunduki na kamera kwa pamoja. Usiku Schillings alitega kamba. Mnyama alipoigusa, unga wa magnesi uliwaka na picha ikapigwa. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliwaonyesha watu wa Ulaya simba na fisi walivyo gizani. Mitambo hiyo yote, mabamba na masanduku, ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika. Majina yao hayatajwi katika historia ya upigaji picha, ingawa bila mabega yao hakuna hata bamba moja ambalo lingefika pwani salama.

Leo mzigo umepungua kiasi cha kuingia ndani ya mkoba. Swali la kwanza la anayeanza ni lilelile siku zote: ninunue kamera gani? Jibu la kweli huwashangaza wengi. Anunue darubini. Darubini ya ukubwa wa kati, ile iliyoandikwa 8x42, humfundisha mtu kumtafuta ndege ndani ya majani, kutofautisha jike na dume, na kuona dalili kwamba ndege anakaribia kuruka. Na simu ikishikwa vizuri kwenye jicho moja la darubini hupiga picha inayotosha kumtambua ndege. Mmalaysia Laurence Poh alipounganisha kamera ndogo ya dijitali na darubini yake mwaka 1999, alifungua njia ambayo sasa kila mwenye simu anaweza kuipita.

Baada ya hapo kuna kamera zenye lenzi isiyobadilishwa lakini yenye uwezo mkubwa wa kuvuta. Nikon P900, iliyotoka mwaka 2015, huvuta mara 83 na kumfikia ndege kama lenzi ya milimita 2,000 ingefanya kwenye kamera kubwa. Kamera hiyo imewaingiza maelfu ya watu katika burudani hii duniani. Udhaifu wake ni kwamba kihisi cha picha ni kidogo, kwa hiyo msituni au jioni picha hujaa chengachenga, na ndege anayeruka humponyoka mpigaji. Anayetaka kuvuka hapo atafute kamera ya lenzi zinazobadilishwa iliyokwisha kutumika. Miaka ya karibuni watu wengi wamehamia kwenye kamera mpya zisizo na kioo ndani, ambazo baadhi hutambua jicho la ndege na kulifuata zenyewe, na kwa sababu hiyo zile za zamani zimeshuka bei. Kamera ya miaka kumi iliyopita yenye lenzi ya milimita 70 hadi 300 bado ina picha nyingi nzuri ndani yake.

Kwa wakazi wa Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja kuna adui mwingine ambaye matangazo ya kamera hayamtaji: ukungu. Joto na unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi iliyofungiwa mkobani, na nyuzi zake nyeupe zikishatambaa kwenye kioo, kuzitoa ni kazi ya fundi. Kinga ni rahisi. Lenzi ihifadhiwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na itolewe mara kwa mara ipate hewa na mwanga. Chumvi ya upepo wa bahari nayo ifutwe siku hiyohiyo.

Mwanga wa Ikweta nao una tabia zake, na vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wasioujua. Ulaya jua hupanda kwa mshazari, na mwanga laini wa asubuhi unaweza kudumu saa nyingi. Nairobi au Kisumu jua huchomoza saa kumi na mbili na nusu hivi na kupanda karibu wima. Ikifika saa tatu, vivuli vimeshakuwa vikali, macho ya ndege yamezama kwenye weusi, na joto linaanza kutetemesha hewa juu ya ardhi kiasi kwamba hata lenzi ya bei kubwa hutoa picha iliyolegea. Kwa hiyo dirisha la asubuhi ni fupi: anayetoka nyumbani saa mbili amechelewa. Dirisha la pili hufunguka saa kumi jioni. Katikati ya hapo ni wakati wa kula, kupanga picha na kusoma habari za ndege, isipokuwa mbingu ikifunga mawingu. Siku ya mawingu mepesi ni zawadi, hasa msituni.

Mambo ya kamera yenyewe si mengi kama yanavyotishia. Ndege aliyetua anahitaji kasi ya shata ya 1/500 hivi. Mdogo anayegeukageuka, kama chozi kwenye ua la mgomba, 1/1000. Anayeruka, 1/2000 au zaidi. Tundu la lenzi liachwe wazi, ISO iachiwe kamera ijipangie, na fokasi iwekwe kwenye jicho. Picha yenye jicho lililofifia haiponi, hata kama manyoya yote yamesomeka.

Penye utata ni rangi nyeupe na nyeusi, na hapo ndipo wanaoanza hukwama. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Ikimwona yangeyange mweupe juu ya tope jeusi huongeza mwanga, na manyoya yake yanaungua yakawa doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Ikimwona kunguru juu ya mti, mbele ya mbingu angavu, hupunguza mwanga na kunguru anageuka kivuli. Dawa ni mpigaji kuiamuru kamera mwenyewe: apunguze hatua moja kwa yangeyange, aongeze hatua moja kwa kunguru. Kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale takataka na sasa ni kero ya pwani nzima, ana angalau faida hii moja. Anayeweza kumpiga picha akaonekana ule mng'ao wa zambarau kwenye manyoya yake meusi amehitimu somo la mwanga.

Kisha linakuja lile somo kubwa, tabia za ndege. Keremkerem hukamata nyuki hewani na kurudi kwenye tawi lilelile, akambamiza na kumsugua mpaka mwiba utoke, ndipo ammeze. Aliyeliona tawi hilo mara moja hana haja ya kumkimbiza. Ailenge lenzi pale na asubiri. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga, kichwa kimetulia kabisa, kabla ya kujirusha chini. Huo utulivu wa kichwa ndio wakati wa kubonyeza. Fundichuma hujenga kiota kikubwa cha vijiti na matope na huchukua wiki nyingi kukikamilisha, kwa hiyo akionekana mtoni amebeba kijiti mdomoni, kazi ya mpigaji ni kufuata kwa macho anakoelekea. Ndege wengi hugeukia upande wa upepo wakitaka kuruka, na wengi hujisaidia sekunde chache kabla ya kuondoka. Dalili hizo hazionekani kwa mtu anayetazama kioo cha kamera tu.

Pwani, kalenda ya ndege ni bahari. Wavuvi hawahitaji kufundishwa habari za bamvua na maji mafu, na mpigaji picha atakayekaa nao chini atavuna. Maji yakipwa, ndege wa ufukweni hutawanyika mbali kwenye tope, wadogo kiasi cha kutoonekana. Yakianza kujaa, husukumwa pole pole kuelekea nchi kavu mpaka wakakusanyika kwenye vipande vya mchanga vilivyobaki, karibu na aliyetangulia kukaa pale kwa utulivu. Katika siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, msogeo huo huwa mkubwa zaidi. Kanuni ni kutangulia na kukaa. Anayewafuata ndege kwa miguu huwafukuza kutoka kwenye mapumziko yao, na huishia na picha za migongo.

Mahali pa kuyaona hayo ni Mida, hori lililo karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi. Jamii ya pale ina daraja la mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kificho cha kutazamia ndege, na mapato ya wageni huchangia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka vijiji vilivyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapo huja ndege mweupe na mweusi mwenye miguu mirefu na mdomo mnene, ambaye chakula chake kikuu ni kaa. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Uarabuni na Ghuba, akichimba shimo na kutaga humo yai moja jeupe, jambo ambalo ndege wengine wa ufukweni hawalifanyi. Msimu ukiisha hushuka huku. Waswahili walioko Muscat wanaweza kumpata upande wa pili wa safari yake: tambarare za tope za Barr Al Hikman, Oman, hupokea mamia ya maelfu ya ndege wa ufukweni wakati wa baridi, naye ni miongoni mwao.

Ng'ambo ya barabara kuu kutoka Mida ndipo ulipo msitu wenyewe, kilomita za mraba 420 hivi za miti ya pwani. Humo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu usiofika sentimita 20, ambaye nje ya hapo anajulikana kuishi sehemu chache sana, ikiwemo misitu ya Usambara Mashariki. Mchana husinzia kwenye vichaka vizito, na anayeweza kumwona ni kiongozi mwenyeji aliyezoea kumtafuta. Kuna pia mnana wa Kilifi, ndege wa kaunti hiyo peke yake. Kwa miaka mingi hakuna mwanasayansi aliyejua anatagia wapi; viota vyake vilithibitishwa mwaka 2013 kwenye madimbwi ya Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi. Mtu wa Malindi mwenye kamera ya kawaida anaishi jirani na mambo ambayo vitabu ndiyo kwanza vinayaandika.

Thamani ya picha haiishii kwenye kupendeza, na ukanda huu wetu una ushahidi mwingi. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Mlima Rungwe, Tanzania, walifuata masimulizi ya Wanyakyusa kuhusu nyani mwenye haya anayeitwa kipunji, wakamwona. Mwaka uliofuata akaonekana pia kwenye msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Spishi mpya ilipotangazwa mwaka 2005, maelezo yake ya kisayansi yalisimama juu ya picha, bila mnyama kuuawa, jambo lililozua mjadala mkubwa kati ya wataalamu. Katika Ndundulu hiyohiyo, kamera ya kutega ilimnasa mwaka 2005 njule mwenye uso wa kijivu ambaye hakuwa akijulikana. Mwaka 2008 akapewa jina la kisayansi. Na katika Kivu Kusini, msafara wa watafiti wa Kongo na Marekani ulioingia misitu ya Itombwe mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulirudi na picha za kwanza kabisa za ndege mweusi mwenye ushungi wa manjano, ambaye wanasayansi hawakuwa wamemwona kwa karibu miaka 20.

Hao walikuwa watafiti. Lakini picha za watu wa kawaida nazo zinaingia kwenye hesabu. Fikiria Ziwa Nakuru. Katika albamu za familia nyingi za Kenya kuna picha za miaka ya 1990: watoto wamesimama ufukweni, nyuma yao ukingo wote ni wa waridi kwa wingi wa heroe. Tangu mwaka 2010 hivi, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana. Lango la zamani la hifadhi na ofisi zake viliingia majini, migunga ya kandokando ikafa imesimama, chumvi ya ziwa ikapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Picha zile za likizo leo zinaonyesha ukingo wa ziwa ulikuwa wapi na ndege walikuwa wengi kiasi gani. Kasoro ya nyingi kati yake ni moja tu: hazina tarehe.

Ndiyo maana miradi ya raia kukusanya taarifa inasisitiza tarehe na mahali kabla ya uzuri. Kenya Bird Map imeigawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita tisa hivi, na mtu yeyote anaweza kuorodhesha ndege wa mraba wake kwa simu. Programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, iliyoanza mwaka 2002, na iNaturalist, ambayo hupokea hata vipepeo, mijusi na maua, zinafanya kazi popote. Picha chafu ya ndege adimu, yenye siku na mahali, ina uzito kuliko picha safi isiyojulikana ilikopigwa. Na kwa anayependa kujifunza pamoja na wenzake, matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, yametoa waongozaji na watafiti wengi. Chama chenyewe kina asili ya mwaka 1909.

Sasa la uchungu. Burudani hii, ikifanywa kwa pupa, huua. Mpigaji anayekata majani ili kiota kionekane vizuri amewaachia jua la mchana makinda wasio na manyoya, na amemfungulia njia kunguru. Anayecheza sauti ya ndege kwenye simu mara kumi mfululizo anamlazimisha dume aache kulisha na kuja kupigana na adui asiyekuwepo. Anayeweka mtandaoni mahali hasa bundi analala anawaongoza wasumbufu, na katika jamii ambazo bado zinamwona bundi kuwa mjumbe wa mauti, huenda anawaongoza wauaji. Ndege nao huweza kujitetea: Mwingereza Eric Hosking, mmoja wa wapigaji picha za ndege mashuhuri wa karne ya 20, alipoteza jicho mwaka 1937 aliposhambuliwa na bundi aliyekuwa na makinda. Hosking mwenyewe aliendelea na kazi hiyo maisha yake yote.

Kuna pia desturi ya Ziwa Naivasha, ambako mwenye boti hupiga mluzi na kurusha samaki majini ili furukombe ashuke kumchukua mbele ya kamera. Wageni huifurahia, na mwenye boti anapata riziki. Lakini picha zinazopatikana hivyo hufanana zote, tai yuleyule, pembe ileile, samaki aliyekwisha kufa. Mtu aliyekaa ukingoni asubuhi nzima akampata furukombe akivua mwenyewe ana kitu ambacho hakinunuliki kwa nauli ya boti.

Uganda imeonyesha namna kamera inavyoweza kumsaidia ndege. Katika kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria, wavuvi walikuwa wakimwogopa korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Kumwona asubuhi kulimaanisha kurudi bila samaki, na wengine walimuua kwa sababu hiyo. Leo wenyeji wa kinamasi hichohicho huwapakia wageni kwenye mitumbwi yao kwenda kumtafuta, na ndege aliyekuwa nuksi analeta ada ya shule.

Juu ya sheria, machache yatosha. Droni haziruhusiwi ndani ya hifadhi bila kibali maalumu. Kambi za jeshi, bandari na vituo vya umeme vina ulinzi, na lenzi ndefu huwatia walinzi wasiwasi hata kama ililenga shore kwenye ua. Kuomba ruhusa mapema kunaokoa muda. Katika shamba la mtu, hodi kwanza. Kwa raia, kiingilio cha hifadhi ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Hifadhi ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, iko umbali wa matatu moja tu kutoka katikati ya jiji. Wa Arusha wana maziwa ya Momella, na wa Dar es Salaam wana fukwe na mabwawa ya chumvi ya Kunduchi, mahali pa kuanzia pasipohitaji hata kulala nje.

Kila mwaka mbayuwayu, keremkerem wa Ulaya na ndege wengi wa ufukweni huanza kuingia kwetu mwezi Septemba, na wengi huwa wameshaondoka Aprili inapokwisha. Mwenye kamera aliyoifungia kabatini aitoe kabla hawajafika, arekebishe tarehe na saa yake isome sawasawa, aanze na ndege wa mti wa jirani, na picha zake azipeleke kwenye miradi inayozihesabu.